Nuru Isiyoonekana: Uso wa Mpita Njia na Haki ya Mpiga Picha katika Heads ya Philip-Lorca diCorcia

Ikisiri

Makala hii inahakiki mfululizo wa picha uitwao Heads, uliopigwa na msanii wa Marekani Philip-Lorca diCorcia katika eneo la Times Square jijini New York kati ya mwaka 1999 na 2001, pamoja na shauri lililofunguliwa dhidi yake mwaka 2005 na mmoja wa watu waliopigwa picha hizo. Uhakiki umeongozwa na vipengele vya fani na maudhui, ukisaidiwa na mawazo ya Ariella Azoulay kuhusu mkataba wa kiraia wa upigaji picha. Hoja kuu ni kwamba sheria ya New York ilipima matumizi ya picha baada ya kupigwa, ilhali kinachobishaniwa katika kazi hii ni namna picha zilivyopigwa. Makala inahitimisha kwamba haki ya kupiga picha hadharani inastahili kutetewa, lakini uzito wake wa kimaadili unatokana na mpiga picha mwenyewe kuwapo hadharani, aone naye aonekane.

1.0 Utangulizi

Waswahili husema macho hayana pazia. Methali hii hutajwa kumtetea mtu aliyeona jambo ambalo mwenyewe asingependa lionekane: aliyepita njiani halaumiwi kwa kuona kilichokuwa njiani. Katika nchi nyingi, sheria ya upigaji picha hadharani imejengwa juu ya wazo linalokaribiana na hilo. Kinachoweza kuonwa na jicho la mpita njia kinaweza pia kunaswa na kamera yake. Wazo hilo limewapa wapiga picha wa mitaani uhuru mkubwa, na historia ya sanaa yao isingekuwapo bila uhuru huo.

Hata hivyo, kamera si jicho. Jicho huona likasahau. Kamera huona ikatunza, ikazidisha nakala, na kuupeleka uso wa mtu mahali ambapo mwenye uso hajawahi kufika. Tofauti hiyo ndiyo iliyowafanya wanasheria Samuel Warren na Louis Brandeis, katika makala yao ya mwaka 1890 kuhusu haki ya faragha, kuzitaja picha za papo kwa papo miongoni mwa mambo yaliyoudhalilisha utulivu wa maisha ya mtu binafsi. Tangu wakati huo, mvutano kati ya haki ya kuona na haki ya kuachwa umeendelea mahakamani, katika magazeti na katika kumbi za sanaa.

Heads ni kazi inayofaa kuhakikiwa katika mvutano huo kwa sababu mbili. Kwanza, ni kazi yenye ubora wa kisanaa usiobishaniwa sana. Hivyo swali la haki haliwezi kukwepwa kwa kusema kwamba picha zenyewe hazina thamani. Pili, mmoja wa watu waliomo ndani yake aliikataa mbele ya mahakama. Mhusika wa riwaya hawezi kumshtaki mwandishi wake; mhusika wa Heads alifanya hivyo.

2.0 Mkabala wa Uhakiki

Uhakiki wa Kiswahili umezoea kuitazama kazi ya sanaa kwa pande mbili zisizotenganishika, yaani fani na maudhui. Mgawanyo huo unaweza kutumika katika picha, kwa kuwa picha nayo ina mandhari, wahusika, muundo, mtindo na anwani. Kinachohitaji kuongezwa ni uhusiano kati ya msanii na mhusika, kwa sababu katika picha ya mtaani mhusika ni mtu hai ambaye hakuumbwa na msanii wala hakualikwa naye.

Pengo hilo linazibwa na mawazo ya Ariella Azoulay, aliyeyaeleza katika kitabu chake cha mwaka 2008, The Civil Contract of Photography. Kwa mujibu wa Azoulay, picha haiishii kwa mpiga picha. Inawaunganisha watu watatu: anayepiga, anayepigwa na anayetazama, na kila mmoja ana dai lake juu ya wengine wawili. Hakuna anayeimiliki picha peke yake kwa maana kamili. Mkabala huu unauliza kila upande umepewa nafasi gani ndani ya kazi, na ni upande upi ulionyimwa nafasi hiyo.

3.0 Fani ya Heads

3.1 Mandhari na mwanga

Times Square ni miongoni mwa mahali penye msongamano mkubwa wa watu na taa nchini Marekani. Mtazamaji anayeifahamu hutarajia kuona mabango, magari na umati. DiCorcia ameviondoa vyote hivyo. Alifunga taa zenye nguvu, za aina ya flashi, kwenye jukwaa la ujenzi lililokuwa juu ya njia ya waenda kwa miguu, akaiweka kamera mbali, kiasi cha mita sita, ikiwa na lenzi ya kuvuta karibu. Mtu alipofika mahali palipolengwa, taa iliwaka na picha ikapigwa. Kwa kuwa ilikuwa mchana, mwako huo wa mara moja haukumshtua mpita njia.

Matokeo yake yanashangaza. Ingawa picha zilipigwa mchana, nyuma ya kila uso kuna giza. Mwanga unaanguka kutoka juu kama katika michoro ya kale ya watakatifu, na uso mmoja unachomoza katika weusi huku umati uliouzunguka ukizama. Mandhari ya mji yamefutwa ili mtu mmoja abaki peke yake. Mbinu hii inabeba nusu ya maana ya kazi nzima: inaonyesha upweke ulio katikati ya msongamano, jambo ambalo wakazi wa miji mikubwa wanalijua lakini ni vigumu kulipiga picha.

3.2 Wahusika

Wahusika ni watu wa kila namna: kijana, mzee, mfanyakazi wa ofisini, mgeni aliyekuja kutembea. Hakuna anayetazama kamera kwa kujua kwamba anapigwa. Macho yao yako kwenye mawazo yao. Katika picha ya studio mtu huuandaa uso wake. Hapa uso umekutwa bila maandalizi. Hapo ndipo penye mvuto wa Heads. Mtazamaji anapewa fursa ambayo adabu ya kawaida humnyima, yaani kumkodolea macho mgeni kwa muda mrefu bila mgeni huyo kugeuka na kuuliza, "Vipi?"

3.3 Muundo na anwani

DiCorcia alipiga maelfu ya picha kwa takribani miaka miwili, kisha akachagua 17 tu. Zilionyeshwa katika nyumba ya sanaa ya Pace/MacGill jijini New York kuanzia Septemba 2001, na kitabu cha picha hizo kikachapishwa. Kila picha ina anwani ya namba tu: Head namba fulani. Hakuna jina, umri wala kazi. Kwa upande mmoja, namba inamlinda mtu kwa kutomtaja. Kwa upande mwingine, inamgeuza kuwa kielelezo katika mkusanyo, kama kitu kilichohesabiwa na kuwekwa kwenye rafu. Utata huu wa anwani unauandaa uwanja wa mgogoro uliofuata.

4.0 Sheria na Shauri

Ili kuielewa hukumu iliyotolewa, ni lazima kuijua sheria iliyotumika. Mwaka 1902 Mahakama ya Rufani ya New York ilikataa dai la msichana ambaye picha yake ilikuwa imetumiwa bila idhini kutangaza unga wa ngano, katika nakala zipatazo 25,000. Mahakama ilisema sheria ya wakati huo haikuitambua haki ya faragha. Wananchi walilalamika, na mwaka uliofuata, 1903, Bunge la jimbo hilo likatunga vifungu ambavyo leo ni vya 50 na 51 vya Sheria ya Haki za Kiraia. Vifungu hivyo vinakataza kutumia jina au picha ya mtu aliye hai kwa ajili ya matangazo au biashara bila ridhaa yake ya maandishi.

Asili hii ina maana kubwa. Sheria ilizaliwa kutokana na mfuko wa unga. Haikukusudiwa kueleza jinsi watu wanavyopaswa kutazamana njiani. Ilikusudiwa kumzuia mfanyabiashara asiuze bidhaa kwa sura ya mtu mwingine. Kwa sababu hiyo haimgusi mpiga picha wakati anapopiga. Inamsubiri mwishoni, pale picha inapotumiwa.

Mwaka 2005 mzee mmoja, Myahudi wa madhehebu ya Kihasidi, aligundua kwamba yeye ndiye aliye katika Head namba 13. Alifungua shauri dhidi ya diCorcia na nyumba ya sanaa, akidai fidia ya dola 500,000, na dola milioni 1.5 zaidi kama fidia ya adhabu. Alieleza kwamba hakutoa ridhaa, kwamba picha iliuzwa, na kwamba kutumiwa kwa sura yake namna hiyo kunakwenda kinyume na imani yake, inayoifasiri amri ya pili kuwa inakataza sanamu za mfano wa mtu. Nakala za picha hiyo zilikuwa kumi, na bei ya kila moja ilikuwa kati ya dola 20,000 na 30,000.

Februari 2006, Jaji Judith Gische wa mahakama ya ngazi ya kwanza alilitupa shauri hilo kwa misingi miwili. Wa kwanza ni ukomo wa muda: sheria inataka dai lifunguliwe ndani ya mwaka mmoja, na picha ilikuwa imeonyeshwa tangu 2001. Wa pili ni kwamba picha ile ni sanaa, na sanaa inalindwa na uhuru wa kujieleza hata kama inauzwa kwa faida. Mahakama haikuyadharau maumivu ya kidini ya mlalamikaji, ila iliona kwamba katiba haimpi nafuu aliyoiomba. Mahakama ya rufaa ya ngazi ya kati iliikubali hukumu hiyo Machi 2007, na Novemba mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ya jimbo ikalimaliza shauri.

Jambo moja husahaulika mara nyingi shauri hili linapotajwa. Mahakama ya juu kabisa ya jimbo ililiamua kwa msingi wa muda peke yake. Haikusema kwamba picha ya mtaani ni sanaa isiyoguswa, wala haikusema kinyume chake. Ushindi ambao wapiga picha wamezoea kuutaja kama ngome yao, katika ngazi ya juu ni ushindi wa kalenda.

5.0 Maudhui: Swali Ambalo Halikuulizwa

Msingi wa pili wa hukumu ya Jaji Gische ndio wenye uzito kwa mhakiki wa sanaa. Sheria inapotenganisha sanaa na biashara, hakimu analazimika kuwa mhakiki. Ilimbidi aamue kwamba Heads ni sanaa, na ili aamue hivyo alitazama sifa ya diCorcia kimataifa, namna alivyofanya kazi na mahali kazi ilipoonyeshwa. Kwa diCorcia ushahidi huo ulikuwa mwingi. Lakini kipimo hicho kina kasoro inayowahusu wapiga picha wenyewe. Mwenye jina kubwa, mwenye nyumba ya sanaa na wahakiki wa magazeti, analindwa kwa wepesi. Kijana mwenye simu ya mkononi anayepiga picha ileile, kwa nia ileile, hana rafu ya vitabu ya kumtetea. Haki inayopatikana kwa kuthibitisha umaarufu inakaribia kuwa cheo.

Kasoro ya pili inamhusu mpigwa picha. Mlalamikaji alikuwa na malalamiko mawili yaliyofungwa pamoja. La kwanza lilihusu fedha: wengine walipata faida kwa sura yake. La pili lilihusu kukataa: asingekubali kupigwa, na hakupewa nafasi ya kusema hivyo. Sheria ilikuwa na mlango kwa ajili ya lalamiko la kwanza, hivyo ndilo lililosikilizwa na kushindwa. La pili halikuwa na mlango. Lilitambuliwa kama huzuni ya mtu, si kama swali kuhusu kazi ya sanaa.

Uhakiki unaweza kuliuliza swali hilo pale ambapo mahakama haikuweza. Fani ya Heads, kama ilivyooneshwa katika sehemu ya tatu, imejengwa ili kukataa kusiwezekane. Mpiga picha wa kawaida wa mtaani hubeba kamera yake kifuani au mkononi. Anayemwona anaweza kugeuza uso, kuinua kiganja, kutabasamu, au kumfuata na kugombana naye. Mazungumzo hayo mafupi, hata yakiwa ya macho tu, ni sehemu ya upigaji picha wa mtaani. Katika Heads, umbali wa kamera na mwanga usiotambulika vimeyafuta. Kwa lugha ya Azoulay, mkataba wa watu watatu umebaki na wawili, mpiga na mtazamaji, wakikubaliana juu ya mtu wa tatu asiyejua kwamba kuna makubaliano.

Hapa lugha ya Kiswahili inatoa msaada. Neno hadhara lina asili ya Kiarabu na linabeba maana ya kuwapo. Kuwa hadharani ni kuwapo mbele ya watu ambao nao wapo mbele yako. Ni hali ya pande mbili. Times Square ilikuwa hadhara kwa wapita njia. Haikuwa hadhara kwa kiwango hichohicho kwa diCorcia, ambaye aliona asionekane. Methali ya macho yasiyo na pazia inamtetea anayepita njiani pamoja na wengine. Haijulikani kuwa iliwahi kutumiwa kumtetea anayechungulia kwa tundu.

6.0 Ulinganisho: Hustlers na Treni za Walker Evans

Hoja hii inaweza kupingwa kwamba inamtaka msanii afanye kazi asiyoweza kuifanya. Nyuso zisizojiandaa haziwezi kupatikana kwa kuomba ruhusa kwanza. Mtu akiombwa, uso hubadilika. Pingamizi hili ni la kweli na linahitaji kujibiwa kwa mifano, si kwa mahubiri.

Mfano wa kwanza unatoka kwa diCorcia mwenyewe. Kati ya mwaka 1990 na 1992, jijini Los Angeles, alipiga mfululizo uitwao Hustlers, wa wanaume waliokuwa wakiuza miili yao. Aliwalipa kiasi ambacho wangetoza kwa huduma yao ya kawaida, kwa kutumia ruzuku ya fedha za umma aliyopewa kwa ajili ya sanaa. Anwani ya kila picha ina jina alilopewa na mhusika, umri, mahali alikotoka na kiasi cha fedha alicholipwa, aghalabu kati ya dola 20 na 50. Mapatano hayo si ya usawa, kwa kuwa upande mmoja ulikuwa na shida na mwingine ulikuwa na ruzuku. Hata hivyo, anwani inayatangaza mapatano hayo. Mtazamaji hawezi kuitazama picha bila kujua kwamba kulikuwa na makubaliano na bei yake. Katika Heads, bei ipo kwenye nyumba ya sanaa tu, na mhusika hakuambiwa. Msanii yuleyule aliyeonyesha risiti katika kazi ya kwanza ameificha katika kazi ya pili.

Mfano wa pili ni wa Walker Evans. Kati ya mwaka 1938 na 1941 alipiga picha za abiria katika treni za chini ya ardhi za New York kwa kamera iliyofichwa ndani ya koti. Kwa kujificha, Evans hakupungukiwa na diCorcia, huenda alimzidi. Tofauti iko katika kilichofuata. Evans hakukichapisha kitabu cha picha hizo, Many Are Called, hadi mwaka 1966, takribani robo karne baadaye. Kufikia hapo, nguo zilikuwa zimepitwa na wakati na nyuso zimebadilika kwa umri. Muda uliwapa abiria pazia ambalo kamera iliwanyima.

Mifano hii miwili inaonyesha kwamba deni kwa mpigwa picha linaweza kulipwa kwa njia zaidi ya moja: kwa mapatano kabla ya picha, kwa kuonekana wakati wa picha, au kwa subira baada ya picha. Heads haikuchagua hata moja. Picha zilipigwa kwa siri, zikaonyeshwa mwaka uleule kazi ilipokamilika, katika jiji lilelile ambalo wahusika walikuwa wakitembea. Udhaifu wa Heads, basi, si kwamba iliwapiga watu bila ruhusa. Udhaifu wake ni kwamba hakuna mahali popote ndani ya muundo wake ambapo mpigwa picha anahesabiwa kama mtu mwenye neno.

7.0 Kutoka Montreal hadi Pwani ya Afrika Mashariki

Kama sheria ya New York inampuuza mpigwa picha, je, suluhisho ni ridhaa ya lazima? Jimbo la Quebec nchini Kanada linatoa jibu la kufikirisha. Mpiga picha Gilbert Duclos alimpiga picha msichana wa miaka 17 aliyekuwa ameketi kwenye ngazi za jengo mjini Montreal, na jarida moja la sanaa likaichapisha mwaka 1988. Picha haikumdhalilisha kwa lolote. Nakala 722 za toleo hilo ziliuzwa. Mwaka 1998 Mahakama Kuu ya Kanada iliamua kwamba Mkataba wa Haki wa Quebec unaifanya haki ya mtu juu ya sura yake kuwa sehemu ya faragha, na kwamba kwa mtu wa kawaida anayetambulika katika picha, ridhaa ilihitajika. Msichana alipewa fidia ya dola 2,000 za Kanada. Mahakama iliweka ruhusa kwa picha za watu mashuhuri, za umati, na za mtu aliyeingia katika picha kwa bahati tu.

Hukumu hiyo inamheshimu mpigwa picha, lakini gharama yake ni kubwa. Mtaa ambao hauwezi kupigwa picha bila karatasi ya ridhaa unabaki bila kumbukumbu. Vizazi vijavyo vitaona matangazo na sherehe, havitaona jinsi watu walivyosubiri basi. Zaidi ya hayo, anayejua zaidi kulitumia katazo si msichana wa kwenye ngazi. Ni mwenye madaraka anayetaka jambo lililotendeka hadharani lisiwe na ushahidi.

Suala hili si geni kwa wasomaji wa Afrika Mashariki. Katiba ya Tanzania inalinda faragha katika ibara ya 16 na uhuru wa maoni katika ibara ya 18, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inafanya hivyo katika ibara ya 31 na ya 33. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Mwaka huohuo wa 2023, Kamishna wa Ulinzi wa Data wa Kenya aliitoza sehemu moja ya starehe jijini Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ridhaa yake. Sheria hiyo ya Kenya imetoa nafasi ya pekee kwa uandishi wa habari, fasihi na sanaa. Maana yake ni kwamba swali la Jaji Gische, yaani sanaa ni nini na ya nani, limeshafika. Kwa upande mwingine kuna mabango yenye maneno "Hairuhusiwi kupiga picha" kwenye malango ya kambi na majengo nyeti, yanayomkumbusha mpiga picha kwamba dola huilinda sura yake kwa ukali kuliko inavyoilinda sura ya raia.

Pwani ina pia historia yake inayomfanya mzee wa Head namba 13 asionekane kuwa mtu wa ajabu. Upigaji picha ulistawi huko kupitia studio, kama Capital Art Studio ya Zanzibar, iliyofunguliwa mwaka 1930, na Bakor Studio ya Lamu, iliyoanzishwa na Omar Said Bakor. Studio ni mahali pa kuomba: mteja huja mwenyewe, amevaa nguo alizozichagua, na kuondoka na picha yake. Kandokando ya mapenzi hayo ya picha kulikuwapo pia na kukataa. Heike Behrend, katika kitabu chake cha mwaka 2013 kuhusu upigaji picha katika pwani ya Afrika Mashariki, ameonyesha jinsi Uislamu na mila za sitara, hasa kwa wanawake, zilivyoifanya kamera kuwa jambo la kubishaniwa. Mwanamke wa Lamu anayejifunika buibui mtalii anapoinua kamera na mzee wa Kihasidi wa Head namba 13 wana dai linalofanana. Tofauti yao ni moja: mwanamke wa Lamu ameiona kamera. Amepewa nafasi ya kukataa, akaitumia.

8.0 Hitimisho

Uhakiki huu haujamtia hatiani diCorcia kisheria, wala haudai kwamba Head namba 13 iondolewe machoni pa watu. Picha hiyo ni miongoni mwa picha bora za mfululizo. Sura ya mzee ndani yake ina utulivu ambao picha chache za mtaani zimeufikia. Ugumu uko hapo hasa. Kama ingekuwa picha mbaya, ingetupwa na swali lingekwisha. Kwa kuwa ni nzuri, itaendelea kutazamwa, na kila anayeitazama anaingia katika makubaliano ambayo mtu mmoja aliyakataa kwa maneno ya wazi mbele ya mahakama.

Makala imeonyesha kwamba vipimo viwili vinavyotumiwa na sheria, yaani matumizi ya picha na ridhaa ya awali, vyote vina upungufu. Kipimo cha matumizi, cha New York, kinamlinda msanii mwenye jina na kumsahau mpigwa picha. Kipimo cha ridhaa, cha Quebec, kinamkumbuka mpigwa picha na kuuhatarisha mtaa wenyewe, huku kikiwapa wenye nguvu silaha nyingine ya kujificha. Sheria za Afrika Mashariki ambazo bado zinakua zina nafasi ya kuitazama pia namna ya kupiga: je, kamera ilionekana? Je, aliyeikataa alisikilizwa? Je, aliyepigwa ana madaraka au hana? Maswali hayo hayamfungi mpiga picha anayesimama njiani na kamera yake mkononi. Yanamtetea dhidi ya anayemkataza bila haki, kwa sababu yeye naye yumo hadharani, na uso wake unaweza kutazamwa kama anavyotazama nyuso za wengine.

Kwa wahakiki wa picha, fundisho ni kwamba ruhusa ya mahakama haikamilishi kazi yao. Mahakama ilisema diCorcia alikuwa na haki. Kazi ya uhakiki ni kuuliza aliitumiaje haki hiyo, na jibu linapatikana katika mwanga wenyewe wa Heads: mwanga mzuri, wenye heshima kwa uso, uliowashwa na mtu aliyebaki gizani.